Mashine ya Kuchora Tabia

Rumande, Nairobi
9 Juni 2000

Mama Were,

Usipange foleni tena pale getini. Ziara zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara, na hakuna anayejua zitafunguliwa lini. Itabidi tuandikiane.

Jana nilisomewa mashtaka: uzembe uliosababisha kifo. Nikasema si kweli, na kesi ikapangwa irudi tarehe 13 Julai. Nilisema si kweli kwa sababu karani alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na hofu. Ukweli ni kwamba sijui. Mtaalamu wa polisi ameandika kwamba ile chaja ya betri niliyomtengenezea Mzee Rasiklal wa Parklands iliwaka kwa kuwa niliacha nati inayobana waya imelegea, ikatoa cheche. Huenda. Siku ile nilitengeneza chaja tatu, maana mgao huu wa stima umefanya kila mtu Nairobi atake taa ya betri, na sikumbuki kama nati ile niliikaza. Nafumba macho, naiona spana, nauona mkono wangu, halafu sioni kitu. Peres, yule msichana wao wa kazi aliyekufa, alikuwa amelala chumba hicho hicho. Ndiye aliyeniletea chai nilipokuwa nafunga waya, na aliuliza kama nataka sukari zaidi.

Lakini kuna njia nyingine moto ungeweza kuanza. Chaja ina diodi, vile vidude vyeusi vyenye mkanda mweupe. Diodi ni kama lango: stima inapita kwenda, hairudi. Mtaani kunauzwa diodi nzima na diodi za uongo zilizoandikwa jina la kampuni kubwa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata kile kipimo changu cha mkononi hakiwezi, kwa sababu kinagonga lango kwa kidole tu. Lango la uongo linafunguka likisukumwa kwa bega. Na stima ikirudi baada ya kukatwa, hurudi kwa bega.

Diodi zilizobaki za pakiti ile ziko kwenye kibanda changu mjini, ndani ya mkebe wa maziwa. Nataka unitengenezee mashine ya kuzisukuma na kutazama. Mafundi tunaweza kuiunda kwa transfoma ya amplifaya iliyokufa, rezista mbili, vile vipande vya kupunguza nguvu ya stima, na ile skopu yangu kuukuu yenye kioo cha kijani. Skopu inachora mstari, na mstari ule ndio tabia ya diodi. Mchoro wa kuunganisha uko nyuma ya ukurasa huu.

Ukimaliza, nitumie mstari ulivyo. Sitakuambia upi ni mzuri na upi ni mbaya. Nakujua, Maurine. Ungenichorea kile ninachotaka kuona.

Nataka kujua kama ni mkono wangu uliomuua yule msichana. Hilo tu. Mengine yote yatafuata.

Wako,
Shem

*

Kinoo
15 Juni 2000

Baba Were,

Nimepokea barua yako ikiwa na dirisha. Nyuma ya ukurasa hakuna mchoro, kuna shimo lililokatwa kwa wembe, na upande wa mbele limeondoka na maneno yako matatu. Wewe unaniambia nakujua, nakujua. Mimi nakwambia mume wangu, anayejua watu hawezi kumtuma fundi cherehani kuunda kitu cha stima kwa kutumia shimo.

Nilikwenda mjini. Gerishon mwenzako wa kibanda hakuniangalia usoni. Nikamwambia ni diodi za ule mkebe tunataka kupima, akaangalia ngazi kwanza kama kuna mtu, kisha akasema, "Mama Were, hiyo story mimi sitaki. Nikisema hizi vitu ni feki, kesho hakuna mtu ataniuzia hata fyuzi. Huyo mtu wa spea anauzia floor yote." Nikamwambia Shem amelala sakafuni. Akasema, "Najua. Pole sana, lakini najua." Akachukua kufuli yake akaenda kunywa chai, akaacha mlango wazi. Juu ya meza aliacha transfoma, rezista mbili, chuma cha solda na solda iliyokunjwa kwenye gazeti. Niliporudi ngazini na mzigo nilimkuta amesimama chini. "Sijakuona ukibeba," akasema, akanishikia mlango.

Skopu yako ina uzito wa mbuzi. Iko mezani kando ya cherehani, na wateja wananiuliza kama nimenunua televisheni.

Sasa nijibu. Transfoma ina nyaya 5 upande mmoja na 2 upande mwingine. Kuna rezista ya 10 na nyingine ya 100, au ni kinyume? Kwenye skopu kuna kifundo cha kuzungusha kimeandikwa kutoka 0.5 mpaka 20, nikiweke wapi? Na stima huku Kinoo tunapewa kutoka saa 10 jioni.

Sikuulizi unakula nini. Najua ungenidanganya.

Maurine

*

Rumande
21 Juni 2000

Mama Were,

Barua yako imefika imepakwa wino mweusi kila penye tarakimu. Askari anayesoma barua ananiambia namba ni za simu na michoro ni ramani, na kwake vyote viwili ni mpango wa kutoroka. Nilimwambia nina mke anayenitengenezea mashine. Akasema ndiyo maana.

Basi tuongee kwa maneno, na kwa lugha yako.

Usiguse vifundo vya skopu hata kimoja. Nilishavipanga na kuvitia alama ya rangi nyekundu. Ndiyo, ile rangi yako ya kucha iliyopotea wakati wa Pasaka. Ulimshuku dada yangu bure.

Transfoma: upande wenye nyaya mbili ndio wa ukutani. Upande ule mwingine chukua waya wa kwanza na wa mwisho, zile tatu za katikati ziache na uzifunge kwa plasta. Waya wa kwanza uushone kwenye rezista nene. Rezista nene uishone kwenye diodi, upande usio na mkanda. Upande wenye mkanda uushone kwenye rezista nyembamba, na nyembamba irudi kwenye waya wa mwisho. Ni pindo moja linalozunguka hadi lilipoanzia. Nyaya tatu za skopu zina klipu za rangi: nyeusi inauma pale diodi inapokutana na rezista nyembamba, nyekundu upande wa pili wa diodi, ya manjano upande wa pili wa ile nyembamba.

Bila diodi, mstari utalala. Ukigusanisha klipu mahali pa diodi, utasimama wima. Ukiona hayo mawili, mashine iko hai. Na tafadhali, Maurine, chomoa ukutani kabla ya kugusa. Ile si stima ya kutekenya.

Nimeota nati tena. Katika ndoto ninaikaza, na kila nikiikaza inazunguka bila kushika.

Shem

*

Kinoo
2 Julai 2000

Baba Were,

Ilinitekenya. Mara mbili. Mara ya kwanza nilirushwa hadi kwenye kitanda, Were akacheka akidhani namchezea. Mara ya pili sikusimulii.

Solda, ile risasi ya kuyeyusha, haishiki kama uzi. Nimeunguza vidole na meza na gauni la mteja mmoja ambalo nimelitilia ua mahali pa shimo, naye amelipenda. Siku nne mashine ilikaa kimya. Siku ya tano stima ikaja jioni, nikachomeka, na kwenye kioo ukatokea mstari wa kijani umelala. Nikagusanisha klipu, ukasimama. Shem, nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko. Nikamwambia umesimama! Akauliza nani amesimama. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu hapa ndipo nilipojua kwamba kwa miaka sita umekuwa ukifanya kazi hii kila siku, ukirudi nyumbani nakuuliza tu kama umeleta mkate.

Kisha nikaweka diodi. Mstari ulipanda juu katikati, ukalala kuelekea kushoto, halafu mbele kidogo ukainama chini. Nimezijaribu zote za kwenye mkebe. Zote zinachora umbo lile lile, hakuna hata moja iliyojitenga. Sijui kama hilo ni jema. Nimeutazama ule mstari kama mtu anavyomtazama daktari usoni.

Kwa kuwa michoro hawataki, nimefanya hivi. Nimeweka karatasi laini juu ya kioo nikafuata mstari kwa penseli, kisha nikauhamishia kwenye karatasi ngumu ya kukatia nguo na kuikata vizuri kwa mkasi. Mkunjo wa karatasi ndio katikati ya kioo. Kama askari anasoma hapa, habari yako afande. Hii ni shingo ya gauni, namwonyesha mume wangu kama ataipenda.

Juzi nilipita Parklands, nikasimama ng'ambo ya nyumba ya Mzee Rasiklal. Ukuta wa nyuma bado ni mweusi. Alikuwa bustanini, akaniona. Nilidhani atanifukuza. Akaja mpaka kwenye lango akasema, "Wewe bibi ya Shem? Mimi iko mgonjwa kwa roho, mama. Mimi ndiyo naambia yeye fanya haraka." Kisha akarudi bustanini.

Isome shingo yangu, unijibu. Tarehe kumi na tatu nitakuwa kortini asubuhi na mapema.

Maurine wako

*

Rumande
8 Julai 2000

Mke wangu,

Umeunda mashine ambayo vijana wa chuo huiunda kwa muhula mzima, tena umeiunda gizani. Sitalisahau. Nimeionyesha karatasi yako selo yote, na hata wezi wamekuja kuishika.

Nimeisoma. Muthama, mwenzangu hapa, ana kipande cha rula, naye amepima pamoja nami kila mara ili nisijidanganye.

Sasa nakuambia nililokuficha. Diodi zile zimeandikwa volti hamsini. Kioo changu kimechorwa vyumba vya mraba, kila kimoja sentimita moja, na kila chumba ni volti ishirini. Nilijiwekea kikomo kabla ya kufungua bahasha yako: mstari ukiinama kabla ya vyumba viwili na nusu, diodi ni ya uongo, nayo ndiyo iliyowaka. Ukivuka hapo, diodi ni nzima na imetimiza ilichoahidi. Kutoka kwenye mkunjo wako mpaka pale unapoinama ni vyumba vitatu na robo.

Nimepima asubuhi na nimepima jioni. Nimempa mtu mwingine apime bila kumwambia natafuta nini. Vitatu na robo.

Diodi ni nzima, Maurine. Basi ilikuwa nati. Ulikuwa mkono wangu.

Sitaki uniombee wakili wala unitafutie maneno. Nilipokuwa sijui, ningeweza kusimama mbele ya hakimu. Sasa najua. Alhamisi nitabadili jibu, niseme ni kweli. Nimemwandikia pia Mama Nakhumicha, mama yake Peres, kule Webuye. Nimemwambia kwamba ni mimi, kwamba binti yake aliniletea chai na mimi nikaacha nati imelegea. Ni barua ya kwanza tangu moto ule wa Mei niliyoiandika bila kufuta neno.

Mlee Were. Ukitaka kuuza skopu, uza. Mimi sitashika tena spana maishani.

Nisamehe.

Shem

*

Kinoo
13 Julai 2000, jioni

Shem,

Leo nilikaa benchi la tatu. Nimevaa lile gauni la buluu ili unione haraka, na uliniona. Karani akakusomea, nami nikatulia kusubiri useme si kweli. Ukasema ni kweli. Nikadhani umekosea. Nikasimama nikaita jina lako, askari wa kike akanishika mkono, "Mama, tulia, utafungwa pia," akanitoa nje. Nimetembea kutoka kortini mpaka Westlands bila kujua natembea.

Kabla ya kufika nyumbani nilipita kanisani tunakopokelea barua, nikaikuta yako. Imechelewa siku tano kufika kutoka mji huu mpaka mji huu.

Shem, nisikilize. Soma taratibu. Mimi ni fundi wa nguo. Hakuna fundi wa nguo anayekata juu ya mstari! Tunaacha nafasi ya mshono, alawansi, nusu inchi kila ukingo isipokuwa kwenye mkunjo. Ukikata juu ya mstari nguo haishoneki. Sikuwaza. Nilihamisha mstari wako, nikaongeza nusu inchi, nikakata, kama nilivyokata kila shingo tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Mkono ndio uliofanya. Ungeniuliza usiku ule kama nimeongeza ningekuapia kwamba sijaongeza.

Stima iliporudi niliwasha mashine. Nimehesabu vyumba vya kioo chenyewe, si vya karatasi. Viwili. Viwili kamili, diodi zote. Zinainama kabla ya kikomo chako. Ni za uongo, Shem. Hukumuua Peres.

Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia hesabu vyumba, ningehesabu vyumba! Mtoto wa shule angehesabu! Uliogopa nitakudanganya, na kwa sababu hiyo nimekufunga mimi mwenyewe kwa mkasi wangu.

Kabla ya kuondoka pale kortini nilimuuliza karani. Hukumu ni tarehe ishirini, na kabla ya hukumu mtu anaweza kuomba kubadili jibu. Baada ya hapo basi.

Na kama huniamini, chukua ile karatasi uiinue kwenye mwanga. Tuna kigurudumu cha meno tunachopitisha juu ya mstari wa kushona ili kiache vitundu. Nilikipitisha. Utaona vitundu nusu inchi ndani ya ukingo. Hapo ndipo ulipo mstari wako. Nilivitoboa kabla sijajua kikomo chako ni kipi.

Inua karatasi. Nakuomba.

Maurine

*

Rumande
22 Julai 2000

Maurine,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa, saa za uji.

Sikuwa na karatasi. Niliporudi kutoka kortini Alhamisi ile sikutaka kuiona tena, nikampa Muthama. Ni karatasi nzuri, ngumu, na hapa watu hukosa ya kusokotea tumbaku. Nilipomuuliza alinionyesha kipande cha mwisho, kikubwa kama ukucha, kimeungua pembeni. Kilikuwa na kitundu kimoja. Au ni tumbaku iliyounguza. Tulikigeuza na kukigeuza mpaka kikakatika.

Kwa hiyo nilibaki na barua yako peke yake. Nitakuambia ukweli hata kama utakuumiza. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba umebuni. Sasa unajua kikomo, nikajiambia, na ni mke gani asingepata nusu inchi mahali fulani? Nilikaa nimeegemea ukuta siku nzima nikikuhukumu. Watu walikuja kula, wakaondoka. Nilitaka kitu cha kupima na sikuwa na kitu cha kupima.

Jioni nikaanza kujiuliza swali lingine. Mwezi wa sita nilikuficha kikomo kwa sababu sikukuamini, nikaita hiyo kazi safi ya kifundi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka robo, na ilikuwa ya uongo kabisa. Wewe uliungua vidole kwa ajili yangu, ukatekenywa na stima mara mbili, ukaandika kwamba ungeniapia hukuongeza. Mtu anayedanganya haandiki kwamba angeapa uongo. Tena mwongo angebuni kitu cha maana, si alawansi! Nilicheka, na baada ya kucheka nililia mpaka Muthama akanihamia karibu.

Tarehe ishirini nilisimama nikasema, mheshimiwa, naomba kubadili jibu. Akauliza sababu. Nikasema mke wangu ni fundi cherehani na aliongeza nusu inchi ya mshono. Korti nzima ikacheka, mwendesha mashtaka akacheka akishika tai. Hakimu hakucheka. Aliniuliza maswali kama dakika ishirini, kisha akafuta lile jibu. Kesi itasikilizwa tarehe ishirini na nne Agosti. Mkebe na mashine viletwe, na mwalimu wa stima kutoka chuo cha ufundi azipime diodi mbele yake. Sijaachiliwa, na kwa vile nimeshakiri mara moja, wananiangalia kama mtu mwenye ndimi mbili. Huenda nikashindwa. Lakini mimi sikumuua, na usiku huu wa pili nimelala bila kuiona nati.

Nasikia hawakukuruhusu kuingia siku hiyo, kwa ajili ya zile kelele za tarehe kumi na tatu, basi hukuona lililotokea nyuma ya benchi la mwisho. Mama Nakhumicha alikuwepo. Alisafiri kutoka Webuye kwa sababu ya barua yangu. Sikumjua mpaka niliposema si kweli, na mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe akainuka, akaniangalia, akatoka nje polepole akishika kuta. Askari wa mlango ndiye aliyeniambia baadaye kuwa ni yeye. Alikuwa ameomba kwa karani nafasi ya kusema maneno mawili kabla ya hukumu. Alitaka kunisamehe mbele ya watu, arudi nyumbani amalize matanga.

Nilimpa mtu wa kumsamehe, kisha nikamnyang'anya. Hana hata mmoja sasa.

Amefikia kwa dada yake Kangemi, nyuma ya soko. Nenda kwake, Maurine. Usimwandikie. Atakufungia mlango, wewe ukae. Beba mashine na mkebe na skopu, hata kama ina uzito wa mbuzi, uiwashe mbele yake, umwambie kikomo ni vyumba viwili na nusu kabla ya kuweka diodi hata moja. Mwache ahesabu mwenyewe.

Shem